Ziwa Lililofikia Umri wa Kustaafu

Kabla sijafika mbali, niseme hili: nchi ya Hewala haipo. Msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Na kama katikati ya maneno yangu kuna msomaji atakayejikuta anamkumbuka bosi wake, basi hiyo ni dhambi yake mwenyewe, aitubu huko huko aliko. Mimi nasimulia tu niliyoyaona kwa macho yangu mawili, nikiwa mwandishi wa gazeti la serikali liitwalo *Ni Kweli*. Gazeti letu halijakosea hata mara moja kwa miaka thelathini, maana halijauliza swali hata moja.

Siku moja mhariri aliniita. "Nenda Tulivuni," akasema. "Mji ule umepata tena tuzo ya utunzaji wa mazingira. Andika maneno elfu moja, yote mazuri."

"Nikikuta baya je?"

"Utalikuta wapi, na wewe umetumwa na sisi?"

Nikaona hoja yake ina uzito. Nikafunga begi.

Tulivuni, jamani, ni mji wa maziwa. Yako kumi na tisa. Ukimwaga chai kule, kesho yake unakuta bata. Nyumba zimekaa vilimani, maziwa yamelala mabondeni, na katikati yake kuna matete, korongo weupe na vibao vya serikali, ingawa ukihesabu utaona vibao ni vingi kuliko korongo. Stendi nilipokelewa na Mkurugenzi wa Maziwa, Mabwawa na Nidhamu, Bwana Mpelembe mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye suti ya kijani na nywele zilizopakwa piko mpaka masikio nayo yakaonja kidogo.

"Karibu, ndugu mwandishi! Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaniambia, akanivuta kwenye gari lake. "Hapa kwetu ziwa haliguswi, halisukumwi, halitukanwi. Unajua kwa nini?"

Nilisema sijui, ambalo ndilo jibu la adabu.

"Kwa sababu maziwa yetu yote ni watumishi wa serikali."

Msicheke. Alinieleza historia yake, nami naitoa kama nilivyopewa. Zamani Hewala ilijaribu kulinda mazingira kwa sheria. Swala walilindwa kwa sheria, wakaliwa. Miti ililindwa kwa sheria, ikawa meza na viti vya ofisi iliyoandika sheria. Ndipo karani mmoja mwenye akili zake akagundua kwamba katika nchi nzima kuna kiumbe mmoja tu ambaye hata afanye nini hang'oki mahali pake, naye ni mtumishi wa serikali. Basi likatoka tangazo, na maziwa yote kumi na tisa yakaajiriwa siku moja, bila usaili.

Na mbinu ilifaa! Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kulima ukingoni wala kutupa taka majini. Nani amtupie taka mtumishi aliyeko kazini? Kila ziwa lilikuwa na kibao chenye picha yake ya pasipoti, namba ya ajira na cheo. Kila asubuhi saa moja na nusu afisa utumishi alipita na daftari la mahudhurio akiyaita majina. Ziwa lisipojibu aliandika kwamba lipo, maana ni mkubwa gani wa Hewala anayejibu akiitwa?

Alinitembeza mpaka miguu ikafa ganzi. Ziwa la Tatu maji yake yalikuwa meusi kabisa, huoni hata kidole chako. Nikaambiwa limekula kiapo cha kutunza siri, na kwa uaminifu huo limepandishwa cheo mara mbili. Ziwa la Tano lilikuwa na barua ya onyo kwa kufurika bila kibali. Ziwa la Nane lilikuwa likizo ya uzazi kwa ajili ya perege, na ulitakiwa upite kando yake kwa kunyata. Ziwa la Kumi na Mbili lilikuwa limesimamishwa kazi, limezungushiwa seng'enge, kosa lake kunuka saa za kazi.

"Na wananchi wanachota wapi?" niliuliza, halafu nikajiuma ulimi, maana lilikuwa swali.

"Dirishani," akasema Mkurugenzi bila kukasirika. Kweli, kwenye kila ziwa kulikuwa na kibanda chenye dirisha la huduma kwa wateja. Watu walipanga foleni na madumu yao kuanzia saa mbili mpaka saa tisa na nusu. Saa saba ziwa lilifungwa kwa chakula cha mchana.

*

Siku ya pili nilialikwa kwenye hafla. Ziwa Ndumbi, Ziwa Daraja la Kwanza, lilikuwa linaagwa. Limetimiza miaka sitini.

Nililitazama ziwa lenyewe. Lo! Maji maangavu mpaka unaona samaki anavyopumua, yungiyungi ukingoni, upepo mdogo. Kwa mstaafu lilikuwa limejitunza sana. Nilipouliza, kwa sauti ya kusifu si ya kuuliza, umri wake ulijulikanaje, nikaambiwa kwamba siku ya kuajiriwa fomu ilikuwa na nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Karani hakutaka kuiacha wazi, akaandika ya baba mkwe wake.

Mkurugenzi alishika kipaza sauti. "Ziwa Ndumbi! Umelitumikia taifa bila kulalamika. Hujaomba posho. Hujaomba gari. Hujawahi hata kwenda semina! Umekuwa mfano kwetu sisi viongozi, mfano ambao tumeutazama kwa mbali na kwa heshima kubwa. Leo taifa linasema, pumzika, mzee wetu."

Tulipiga makofi. Zawadi zikaletwa: baiskeli, mabati kumi, saa ya ukutani na godoro la inchi sita. Baiskeli na mabati viliwekwa kwenye gari la Mkurugenzi ili vitunzwe, saa ikatundikwa kwenye mti ukingoni, na godoro likawekwa juu ya maji kwa heshima zote. Lilielea kidogo, likanywa maji, likazama. Watu wa itifaki wakasema limepokelewa.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Hewala ina kanuni kwamba mtumishi akistaafu anaondoka kwenye nyumba ya serikali ndani ya siku tisini, na bonde la Ndumbi ni kiwanja cha serikali. Kwa kuwa hafla ilichelewa kupangwa, siku zilizobaki zilikuwa nne. Tingatinga lilikwisha kuletwa, limeegeshwa juu ya kilima, tayari kuchimba mfereji ambao ziwa lingeutumia kuondokea, kwenda popote litakakoona panalifaa.

Mkurugenzi alinionyesha mchoro wa kitakachojengwa. "Hoteli ya Mandhari ya Ziwa," akasema, macho yakimeremeta. "Vyumba mia moja, na kila chumba kinatazama ziwa."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kuuliza ziwa lipi. Nikakumbuka gazeti langu, nikaufunga.

Mwenye hoteli, aliniambia, ni mzalendo mmoja asiyependa kutajwa. Baadaye niliona jina lake pembeni mwa mchoro. Ni mwanamke, na kwa bahati tu ana majina yote matatu sawa na ya mke wa Mkurugenzi. Dunia ina mambo yake.

*

Watu walipotawanyika, mama mmoja alibaki amesimama dirishani na dumu lake. Dirisha lilikuwa limefungwa, limebandikwa karatasi: MTUMISHI AMESTAAFU.

"Baba, si wewe wa gazeti?" akaniita. "Hebu njoo."

Aliitwa Bi Kalunde. Alikuwa na miaka hamsini na minane na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu katika ofisi ya Mkurugenzi, akipika chai na kubeba majalada kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Sasa alikuwa na bustani ya mchicha pale pale kilimani, juu ya ziwa.

"Kitongoji chetu kina kaya sitini na mbili," akasema. "Tunakunywa hapa, tunapikia hapa, tunaogeshea watoto maji ya hapa. Hili likiondoka, la karibu ni la Kumi na Mbili, na lile limefungiwa waya. Mengine yako ng'ambo ya mji, kwenda na kurudi ni nusu siku. Kuna wazee kule juu, kuna mjukuu wangu ana wiki tatu. Sasa niambie, tutakunywa nini? Godoro?"

"Pole sana, mama. Lakini umri umefika. Sheria ni sheria."

Alinitazama hivi, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia.

"Umri? Baba, nchi hii umri haufiki. Umri unaletwa na mtu, na mtu akitaka anaurudisha alikoutoa. Nimebeba majalada miaka ishirini na miwili, nayajua. Kesho tufuatane ofisini. Wewe usiseme kitu, we kaa tu na kalamu yako."

Kwa kweli nilikuwa na safari ya kurudi asubuhi ile. Sijui kwa nini nilibaki. Labda ni yule mjukuu wa wiki tatu.

*

Asubuhi tulimkuta Mkurugenzi anakunywa chai. Bi Kalunde alipiga goti kidogo, akaamkia "Shikamoo," kisha akaweka karatasi mezani.

"Marahaba, Bi Kalunde. Umekumbuka kazi yako ya chai?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nimekuja kuomba marekebisho ya umri. Kuna mtumishi wako ameandikwa umri usio wake."

"Nani huyo?"

"Ndumbi."

Mkurugenzi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye tai. Alipomaliza alijifuta, akavaa sura ya sheria. "Bi Kalunde, marekebisho ya umri yanataka kiapo. Na kiapo kinaapwa na mzazi, au mtu aliyeshuhudia kuzaliwa. Sasa nani alishuhudia kuzaliwa kwa ziwa?"

"Mimi ndiye mama yake."

"Wewe umezaa ziwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mama, unaumwa?"

Bi Kalunde hakupandisha sauti hata kidogo. Alikunja mikono juu ya kanga yake, akasema kwa adabu ya mtu aliyepeleka vikombe vya chai maisha yake yote: "Mheshimiwa, wewe na mimi tumekulia mtaa mmoja. Ulipomaliza darasa la saba mimi nilikuwa na miaka saba, nakumbuka kwa sababu nilikuwa sina meno ya mbele na ulinicheka. Leo mimi nina hamsini na minane. Wewe, kwa jalada lako nililolibeba mimi mwenyewe kwenda kugongwa muhuri, una hamsini na mitatu. Maana yake ulimaliza darasa la saba ukiwa na miaka miwili. Kiapo chako kilipokelewa, na taifa halikutikisika. Mimi nikizaa ziwa kuna ajabu gani?"

Mkurugenzi alinitazama mimi, akaitazama kalamu yangu. Nami kwa woga nikaigeuza juu chini, ili aone haiandiki. Yeye aliona kinyume chake, akadhani ndiyo kwanza najiandaa.

"Haya," akasema, akikohoa. "Serikali yetu ni sikivu. Lete hiyo fomu."

Kamishna wa viapo alikuwa pale nje, chini ya mwavuli, karibu na mashine ya kutoa nakala. Alijaza fomu bila kushangaa chochote, na nilielewa kwamba ameona makubwa zaidi. Jina la mtoto: Ndumbi. Jinsia: akafikiri, akaandika "mvulana", kwa sababu nafasi ilikuwa fupi. Jina la baba: "Mvua," akasema Bi Kalunde. Kazi ya baba: "Hana kazi maalumu. Huja akitaka." Umri wa mama siku ya kujifungua: ishirini na minne. Basi Ndumbi akawa na miaka thelathini na minne.

"Unaapa kwamba haya ni kweli?"

Bi Kalunde alikuwa ameanza kama mtu anayefanya mzaha na mkubwa, lakini sauti ilipotoka ilikuwa inatetemeka. "Naapa," akasema. "Nimemnyonya yeye miaka yote hii badala ya yeye kuninyonya mimi, lakini naapa ni wangu." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga, akajicheka mwenyewe. Na mimi, mtu mzima na kitambulisho changu cha gazeti, nikajikuta napenga kamasi.

Jioni ile tingatinga liliteremshwa kilimani. Kina mama walipiga vigelegele mpaka korongo wakahama mti. Dirisha likafunguliwa, maji yakatoka, na watoto walimtania Bi Kalunde njia nzima: "Bibi, mwanao leo ana mawimbi! Umemkaripia?" Naye alijibu, "Muacheni, anacheza." Sijawahi kuona mtu aliyesema uongo mbele ya serikali akafurahi kwa haki namna ile.

*

Nilirudi mjini nimejaa moyo. Nikaketi, nikaandika makala bora kuliko zote nilizopata kuandika, na niliandika kwa mapenzi, wala si kwa kutumwa. Kichwa chake kilikuwa: NDUMBI, KIJANA MCHAPAKAZI WA TULIVUNI. Nikasema ana miaka thelathini na minne tu. Nikasema ni msafi, mtulivu, hana makundi, hana kosa la nidhamu. Nikasema ana kina cha kutosha na nguvu ambazo bado hazijatumika hata nusu. Mhariri aliisoma, akanipa mkono.

Asubuhi yake Waziri wa Nchi aliisoma akisubiri mayai yake. Nasikia aliweka gazeti chini akasema kwa uchungu mkubwa: "Kijana kama huyu anaozea huko porini, na sisi hapa makao makuu hatuna watu?"

Barua ilitoka siku hiyo hiyo. Nakala nimeiona. *Kutokana na mahitaji ya kiutumishi, umehamishiwa Makao Makuu, Bustani ya Mapokezi ya Taifa. Unatakiwa kuripoti mara moja. Nakutakia kazi njema.*

Nchi yetu, ambayo kwa miaka kumi imekuwa ikifanya upembuzi yakinifu wa kupeleka bomba moja kwenye shule moja, ilitandaza mabomba makubwa kilomita mia na kumi kwa wiki tano. Mashine za kuvuta maji zilinguruma mchana na usiku. Mkurugenzi alinipigia simu kunipa habari, sauti imejaa majonzi. Alisema Tulivuni imempoteza kijana hodari, lakini nani awezaye kubishana na uhamisho? Samaki walioshindwa kusafiri walikutwa kwenye tope, na wameandikwa kuwa watoro. Kuhusu bonde, alisema, limebaki tupu, na kwa kuwa kiwanja cha serikali hakiwezi kukaa bure, yule mzalendo asiyependa kutajwa amekubali kulisaidia taifa.

Nilimuuliza Mkurugenzi, na Bi Kalunde je, yuko wapi?

"Nani?" akasema, simu ikakatika.

*

Mwezi uliofuata nilitumwa kuandika habari za nyasi za Bustani ya Mapokezi ya Taifa. Zilikuwa zimeota vizuri sana. Ndani kulikuwa na chemchemi nne zinazorusha maji juu na bwawa la kuogelea ambalo Waziri alikuwa akilitumia kufikiria. Nilipokaribia geti nilimwona mama amesimama mbele ya askari, ana dumu la lita ishirini mkononi, kanga yake imejaa vumbi la safari.

Nilitaka kugeuza njia. Nasema kweli, nilitaka. Lakini alikwisha kuniona.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Hujambo?" Akanitazama bila hasira, na hapo ndipo paliponiuma zaidi. "Nilisomewa ile makala. Ulimsifu mno. Kwetu sisi mtoto wa maskini hasifiwi mbele za watu."

Nilisimama tu na daftari langu.

Askari alikuwa na kitabu cha wageni. Alikuwa kijana mpole, anafanya kazi yake. "Mama, tumalizie. Unatoka wapi?"

"Tulivuni."

"Umekuja kumwona nani?"

"Ndumbi. Amehamishiwa hapa."

Askari alipitisha kidole kwenye orodha ya watumishi. Alilikuta jina, lina namba na cheo. "Yupo. Wewe ni nani yake?"

"Mama yake mzazi," akasema Bi Kalunde, akafungua fundo la kanga, akatoa kile kiapo, kimekunjwa mara nne, muhuri wake bado mwekundu.

Askari alikisoma chote, mpaka jina la baba. Akakirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima. Nyuma yake, upande wa pili wa vyuma, maji yalikuwa yanarushwa juu ya nyasi na kuanguka, yanarushwa na kuanguka. Askari aliinua simu ya ndani, akazungumza kwa sauti ya chini, akasikiliza, akaiweka.

"Pole, mama. Wanasema mtumishi yuko kwenye kikao. Kitachukua muda. Labda ujaribu wiki ijayo."

Bi Kalunde aliyatazama maji yale kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa, akafunga kiapo chake ndani ya fundo la kanga, akanyanyua dumu. Lilikuwa jepesi.

"Haya, baba, si kosa lako," akamwambia askari. "Akitoka, mwambie mama yake alikuja. Mwambie nyumbani hakuna maji."